Mahari ya Kanyange

Winifred alikuwa na kijicho, tusizungushe maneno. Alitoka nacho Karagwe, akavuka mpaka nacho mwaka ule wa tisini na nne vita vilipokwisha, akatua nacho Kabuga, karibu na Kigali, pamoja na mumewe Rutayisire, binti yao Jolly, na ng'ombe mwekundu aitwaye Gaju. Gaju alikuwa wake kabisa. Ng'ombe wa mahari yake alipozaa, baba yake aliwarudishia maharusi ndama, kama ilivyo desturi yetu, na ndama huyo ndiye Gaju. Kwa hiyo Winifred akisema "mahari yangu" alikuwa anamsema huyo, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlea Jolly.

Kanisani Kabuga kilichomtia roho juu kilikuwa benchi. Benchi la mbele, mkono wa kulia, chini ya mabati mazima, alilikalia mwanamke mmoja tu, Kanyange, mzaliwa wa hapohapo aliyenusurika hapohapo. Zamani lilijaa yeye na mumewe na watoto. Sasa amebaki peke yake, na hakuna aliyethubutu kusogea karibu. Wageni waliotoka nje ya nchi walijibana nyuma, ambako mabati yaliibwa wakati wa vita na mvua ya Oktoba iliwanyea mabegani. Winifred alijua fika kwamba kumwonea gere mjane ni dhambi. Akamwonea tu, na kila Jumapili alilikodolea macho lile benchi mpaka mahubiri yakampita.

Ikafika Jumapili ya kutoa. Mchungaji Révérien akasema nyumba ya Mungu ni nyumba yetu, haina mwingine wa kuitunza, basi kila mmoja asimame aseme atakachotoa. Winifred alikuja amejiandaa. Bati moja, na sentensi aliyoifanyia mazoezi nyumbani, maana kama kuna kitu kilichomvimbisha kichwa ni Kiswahili chake safi. Wenyeji wa Kigali aliwacheka waziwazi kwa kusema "kurara" na "wari". Lakini kabla hajainuka, Kanyange akainuka.

"Mimi natoa mahari yangu," akasema taratibu, akakaa.

Kanisa likaguna. Mchungaji akavua miwani akafuta macho, na wanawake wa Kabuga wakaanza kulia. Damu ya Winifred ikachemka. Kumbe huyu ana ng'ombe! Alimficha wapi siku zote hizi? Na yeye na kibati chake kimoja atasimama vipi mbele za watu? Mdomo ukamtangulia.

"Na mimi natoa mahari yangu. Natoa Gaju."

Rutayisire aligeuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Watu walipiga makofi, wakapiga sana, ila Winifred alichungulia huku na huku akaona hakuna aliyemlilia. Hilo nalo likamuuma.

Nyumbani mumewe alimuuliza Winifred sasa Jolly atakunywa nini. Akasonya akaenda kufua. Siku ya soko, mchuuzi mmoja kutoka Kicukiro akamchukua Gaju. Alipopandishwa kwenye lori alilia, na Winifred akalia naye palepale mbele ya watu. Kitu pekee kilichomtuliza ni kuwaza kwamba ng'ombe wa Kanyange naye angepitishwa njia ileile. Hakupitishwa. Mabati yakanunuliwa, yakaegeshwa kwenye ukuta wa kanisa, na yote yalikuwa ya Gaju.

Jumapili iliyofuata Winifred aliwahi, maneno yakiwa tayari mdomoni. Akamkuta Kanyange amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Ahaa, akajisemea, aibu hiyo. Akapaza sauti kidogo ili wanawake wasikie.

"Dada, mahari yako tunaisubiri. Yangu ile pale ukutani."

Kanyange akamtazama, hakuelewa. Kisha akaelewa, na uso wake ukaingiwa na huruma.

"Mahari ya ng'ombe? Mama Jolly, mimi niko na ng'ombe gani? Zote zilikwisha, na wenyewe wakaisha. Nilitoa mahari yangu ya kukaa. Ile ya mbele, ya bwana wangu na watoto." Akaonyesha benchi. "Nilikuona unaiangaria kila Jumapili. Nikasema, nyumba ni yetu sisi wote, bora ukae wewe na mutoto wako, mvua isiwapige."

Mahali. Mahali pake! Wanawake wote wa Kabuga walikuwa wamelielewa neno hilo tangu lilipotamkwa, ndiyo maana walilia. Aliyelisikia vingine ni mwenye Kiswahili safi peke yake. Winifred alitaka kucheka, akataka kulia, na lori la Kicukiro lilikuwa limekwishakwenda zake.

Akaenda mbele na Jolly wakakaa, maana angefanya nini na macho yote yale yalikuwa juu yake? Benchi lilikuwa pana mno kwa watu wawili. Hakuna aliyekuja kuketi nao. Akageuza shingo. Kule nyuma wanawake walikuwa wanabanana kumpisha Kanyange katikati yao, mmoja akimfunika mabega kwa kitenge chake, mwingine akimnong'oneza kitu kilichomfanya atabasamu. Na Winifred, Mungu amsamehe, akaanza kumwonea gere kwa ile nafasi ya mlangoni.