Kabari ya Shemeji

Mimi ni mkali, sikatai. Nikikuona umeegesha lori la mafuta bila kabari, nitakusema mbele ya watu. Hendibreki ni chuma, ndugu yangu, na chuma huchoka. Vipande viwili vya mpira mgumu, kimoja mbele ya tairi na kingine nyuma, ndivyo vinavyolishika lori. Madereva wenzangu wananiita Babu Kabari. Wacheke tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Miaka sita iliyopita, mkaguzi wa geti la yadi yetu alikuwa na sheria moja: asiye na kabari mbili hatoki. Sisi tukazoea kuazimana. Unachomoa ya mwenzako aliyeegesha, unaionyesha getini, unamrudishia. Siku moja kabari yangu mojawapo ilikuwa imepotea. Lori la shemeji, mume wa dada yangu, lilikuwa kwenye mteremko wa yadi, mwenyewe yuko msalani. Nikachomoa ya mbele. Dakika mbili tu, nilijiambia.

Foleni ikawa ndefu. Shemeji akarudi, akachuchumaa mbele ya lori lake afute taa. Niliposikia kishindo nilikuwa nimekaa kwenye usukani wangu, kabari yake iko miguuni pangu.

Wakasema marehemu alisahau kabari ya mbele. Nami nilipoulizwa nikasema ni kweli, alikuwa msahaulifu. Mungu wangu, nilisema hivyo, na dada yangu ananisikiliza.

Tangu hapo kile kipande hakiniachi. Nilikitupa shimoni nyuma ya karakana; fundi akaniletea, akidhani nimekidondosha. Nilikiacha kando ya barabara, safari ya mbali. Dereva mmoja akanipigia honi mpaka nikasimama, akanikabidhi dirishani. Nikikigeuzia ukutani, nikirudi nakikuta kimenielekea. Lori likiwa limezimwa, nasikia kikigonga sakafu ya kebini. Nilichoka. Nikaanza kukitumia, nikidhani kazi itakituliza.

Mkaguzi yule alipostaafu, kazi yake akapewa nani? Dada yangu. Huyo hana mzaha na mtu. Hushika kila kabari kwa mkono, kisha husema, "Mume wangu angejali hivi, angekuwa hai." Kaburini kwa mumewe alikuwa hajawahi kukanyaga, kwa hasira.

Jana asubuhi kulikuwa na tope. Aliichomoa kabari yangu ya mbele, akaifuta kwa nguvu kwa kitambaa. Chini ya grisi ya miaka sita ukatokea mstari mwekundu wa rangi ya kucha. Aliuchora yeye mwenyewe zamani, kabari ya mumewe isije ikaibiwa.

Akaupitishia kidole, akanigeukia.

"Siku ile hii ulikuwa nayo wewe?"

"Nilikuwa nayo, dada."

Hakulia wala hakunipiga. Heri angenipiga.

"Miaka sita namnunia marehemu," alisema. Akaikumbatia kabari ile na tope lake, akatoka getini kwa miguu, akashika njia ya makaburini.

Dereva aliyekuwa nyuma yangu alishuka, akaninyooshea kabari yake. Akaniambia niazime tu, tusicheleweshane. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya tairi langu, pale pasipo na kabari. Nikamwambia hapana. Kisha nikaanza kumweleza kwa nini, yeye na foleni nzima.