Chapati Moja ya Kartarpur

Kutoka jukwaa la Dera Baba Nanak, upande wetu wa India, kuba jeupe la hekalu la Kartarpur linaonekana kama yai lililosahauliwa shambani. Miaka mingi nilipanga foleni kulichungulia kwa darubini, maana liko Pakistani na mpaka ulifungwa. Pale ndipo Baba Nanak, mwanzilishi wa dini yetu ya Kalasinga, aliposhika jembe uzeeni, akalima, akalisha kila aliyekuja. Alipofariki, Wahindu walitaka kumchoma, Waislamu wakataka kumzika. Kufunua shuka, wakakuta maua matupu, wakagawana.

Na pale pale, nikiwa na miaka sita, mama alinipa donge la unga nisukume chapati yangu ya kwanza. Ilitoka na pembe tatu. Kabla sijajua kuiviringisha, nchi ikakatwa India na Pakistani, tukakimbia kuvuka mto Ravi.

Basi njia ya mahujaji ilipofunguliwa, nilitaka jambo moja tu: nikasukume pale chapati ya duara, mama aone huko aliko.

Pasipoti ndiyo iliyonikwamisha. Mashine ya alama za vidole ilikataa vyangu.

"Bibi, huna alama hata moja," karani akasema. "Umefanya kazi gani?"

"Wizi. Nimefuta ushahidi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe ni miaka hamsini ya chapati kwenye jiko la gurudwara, hekalu letu, na tawa la moto. Akaniambia nikae mwezi mzima bila kukanda wala kuosha vyombo, nipake samli, nirudi.

Wifi yangu Gurmej, ambaye pasipoti yake ilishatoka, akapata la kusema.

"Mwari huyo! Tumletee na hina?"

"Nenda ukakande, wifi. Leo utajua unga hutiwa maji."

Siku moja kabla sijarudi kwa karani, mabasi manne ya mahujaji yalifika yameloa mvua, na wapishi wawili wana homa. Mzee Dalip, msimamizi wa jiko, hakuniita. Alitazama mikono yangu yenye samli, akageuka. Angeniita ningekataa.

"Kumi tu," nikasema, nakunja mikono ya nguo.

"Na mashine kesho?" Gurmej akauliza, safari hii bila mzaha.

"Mashine haina njaa."

Kumi zikawa mia tatu. Kesho yake karani alijaribu kidole kimoja kimoja, hata gumba. Hakucheka.

Gurmej akavuka bila mimi. Jioni alirudi, akafungua kitambaa: chapati moja, imekauka ukingoni. Nikaimega.

"Mbichi katikati."

"Wifi! Chakula cha Baba!"

"Aliyeisukuma vidole vyake vina mistari yote, naapa."

Akatazama chini. "Nimeisukuma mimi. Niliwaambia wapishi wa kule ni ya wifi yangu."

Ndipo nikaigeuza vizuri. Ilikuwa na pembe tatu.

Niliila yote, na ubichi wake. Kisha nikamwambia anishike mkono tupande jukwaani kabla jua halijazama.

"Walikukalisha wapi ukiisukuma?"

"Karibu na mlango wa jiko."

Nikaelekeza darubini. Mlango hauonekani kutoka huku. Niliutafuta hivyo hivyo, mpaka foleni ikaanza kuguna.