Dakika Mbili za Verl Tolman

Jumamosi ya pili ya Mei, saa tatu asubuhi, Orrin Stubbs aliilaza roketi ya Marva Tolman juu ya kidole kimoja ili aone inaelemea upande gani. Ilielemea kwenye pua, kama inavyotakiwa. Akayatikisa mapezi matatu ya plaiwudi, moja baada ya jingine, akaivuta kamba ya parachuti, akachungulia ndani ya bomba la kadibodi kuhakikisha kwamba pamba isiyoshika moto imo. Orrin alikuwa amegawa barua za bonde hili kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu alikuwa mkaguzi wa usalama wa klabu yetu ya roketi ndogo. Bila sahihi yake kwenye kadi, hakuna roketi iliyoruka kwenye uwanja wetu, tambarare ya chumvi iliyokauka.

"Uzito?" aliuliza.

"Aunsi arobaini na mbili," Marva akasema.

"Pamoja na Verl?"

"Akiwemo, asiwemo, ni hizo hizo. Mwezi uliopita niliipima kabla na baada."

Orrin akaandika arobaini na mbili, akatia sahihi.

Verl alikuwa mume wa Marva. Alikufa Oktoba kiwandani, katika jengo namba kumi na nne, mahali panapokorogwa baruti nzito ya roketi kubwa za serikali. Nyumbani, kwenye meza ya chini ya ngazi, aliacha roketi ndogo ya kuunganisha mwenyewe, ikiwa na mapezi mawili tu yaliyogandishwa. Marva hakuwahi kujishughulisha na mambo hayo. Majira yote ya baridi aliikamilisha kwa kufuata karatasi ya maelekezo mstari kwa mstari. Alilitia pezi la tatu, akajaza gundi kwenye maungio na kuilainisha kwa kidole kilicholowekwa spiriti, akapiga msasa, akapaka rangi, akapiga msasa tena.

Aliirusha Aprili. Ilipanda vizuri, na ilipofika juu kabisa baruti kidogo ya ndani ikaitoa pua, parachuti ikachomoka, na nyuma ya parachuti akachomoka Verl. Alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili, na mwili wake ulikuwa wa ukubwa wake wa kawaida, katika ovaroli yake nyeupe na vile viatu visivyotoa cheche.

"Yule si Verl?" mtu mmoja akauliza.

"Ndiye. Kakonda."

Dakika mbili alizokuwa hewani Verl alizimaliza akiuliza kama zamu yao ya maji ya kumwagilia ilikuwa bado Jumanne, na nani anafungua lango la mfereji. Nyayo zake zikagusa chumvi, na pale chini pakabaki bomba, kamba na parachuti. Orrin aliandika kwenye kadi: Imeruka wima. Imerudi na mume. Haikuharibika.

Lakini Marva hakutaka kuzungumza mambo ya maji. Ripoti ya kiwanda, kurasa nne, ilisema mtambo ulikuwa mzima na kosa lilikuwa la Verl Tolman, kwamba aliharakisha mkorogo ili amalize mapema. Huyo ni Verl ambaye maisha yake yote hakuwahi kulipita trekta barabarani. Kanisani watu walimpa Marva mkono haraka haraka, kama mama wa mwizi, na hilo lilimuuma kuliko mazishi yenyewe. Tena kosa likiwa la marehemu, hakuna cha kutengenezwa. Jengo lilijengwa upya, mtambo wa aina ile ile ukawekwa, na tangu Januari aliyesimama mbele yake alikuwa Janae, binti yao wa pekee, mwenye miaka ishirini na minne. Kwetu kuna kiwanda hicho na kiwanda cha kuchinja batamzinga, na cha batamzinga hakikuwa kikiajiri. Marva alitaka Verl aseme kilichotokea kabla mtambo haujamchukua na mtoto.

Kwa hiyo Mei hiyo, Verl alipotoka angani, Marva alikuwa tayari chini yake ameinua uso.

"Marva! Mbona umevaa koti langu?"

"Achana na koti, Verl! Sema habari ya jengo!"

"Linakupwaya."

"Verl!"

Upepo ulikuwa mdogo. Watu wote wa klabu walitembea polepole chini yake, kama wanavyoifuata roketi yoyote inayoshuka.

"Kuna kengele," Verl akasema. "Visu vikikaribia ukuta wa pipa, inalia na mtambo unasimama. Ilikuwa inalia kila siku, kazi haiendi. Mwezi wa tatu Kessler akaung'oa waya wake. Niliandika kwenye daftari la zamu mara tatu."

"Daftari nililiomba! Kurasa hizo hazimo!"

"Najua, walizichana mbele yangu. Lakini nilitoa nakala. Nimeificha—"

Viatu vyake vikagusa kichaka. Marva akapiga magoti, akachungulia ndani ya bomba, akaona masizi.

Dwight Kessler alikuwa msimamizi wa zamu zote. Kati ya watu kumi na wawili waliokuwa pale, watano walikuwa chini yake, na wote watano walianza kukagua kamba za viatu vyao. Janae alikuwa mmoja wao.

"Hata huu mtambo mpya waya wake umening'inia, mama," alisema. "Nauona kila siku. Nilidhani ni wa taa."

 Walipofika nyumbani, Marva alimwambia Janae wanahitaji dakika zaidi. Nakala ikipatikana, yenye tarehe na mwandiko wa Verl, hata mkaguzi wa serikali angelazimika kuisoma, na mtambo ungezimwa. Injini kubwa zaidi haikuwezekana. Ile yao ilikuwa ya daraja la nguvu la herufi G, na kuivuka hiyo kunataka cheti, na mtihani wa cheti ulikuwa Septemba. Basi Marva akafanya kosa ambalo kila mrusha roketi hulifanya mara moja katika maisha yake: akashona parachuti kubwa.

Juni aliiweka mezani kwa Orrin. Orrin akaikunjua, akaikunjua tena, ikafunika meza na kikombe chake cha chokoleti.

"Dada Tolman, hii ni roketi au hema la harusi?"

"Nimepiga hesabu. Itanipa dakika nne."

"Itakupa dakika nne na itakupeleka Nevada. Angalia ile soksi ya upepo. Maili kumi na tatu kwa saa, na unaelekea uzio wa kiwanda."

"Kanuni inasema mwisho ni ishirini."

"Inasema ishirini, ndiyo."

"Basi tia sahihi."

"Subiri mwezi ujao upepo utulie, dada yangu. Nakuomba."

"Janae anaingia zamu saa nane leo, Orrin. Na kesho kutwa, na siku zote mpaka mwezi huo ujao."

Orrin alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilisema ishirini. Alitia sahihi. Aliyeshika kipaza sauti akauliza kama anga iko wazi, akahesabu tano, nne, tatu, mbili, moja, na roketi ikaondoka kwenye reli na kwenda juu futi elfu mbili bila kuyumba.

Verl alitoka. Alitazama juu na kuisifu parachuti, akauliza nani kaishona, maana mishono ilikuwa imenyooka. Kisha upepo ukamchukua.

Marva alikimbia. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na goti bovu, na chumvi ya mwezi wa sita huvunjika chini ya mguu. Alimsikia akisema "nakala," akamsikia akisema "nyuma ya," na baada ya hapo alisikia upepo tu. Midomo ya Verl ilikuwa inaenda. Alikuwa akiongea kwa utulivu, bila haraka, kama mtu mwenye muda wa kutosha.

Uzio wa kiwanda uko robo tatu ya maili kutoka uwanjani. Verl aliuvuka akiwa bado juu kama mnara wa kanisa. Marva akatia mguu kwenye waya, na Orrin, aliyekuja nyuma yake akihema, akamshika koti.

"Huruki uzio kwa ajili ya roketi. Unajua hivyo. Watatufungia uwanja."

"Ni mume wangu yule!"

"Najua. Nimemwandika kwenye kadi."

Hakumwachia. Ndiyo kanuni ya kwanza ya klabu, na Orrin alikuwa ameifundisha kwa miaka tisa. Sisi tuliokuwepo tulisimama nyuma yao, na mpaka leo sipendi kuikumbuka mikono yangu ilivyokuwa mifukoni.

Ndani ya uzio zamu ya asubuhi ilikuwa kwenye mapumziko. Watu arobaini walikuwa wameketi nje na sandwichi zao. Verl aliwapita juu kwa juu, akiwasalimia kwa majina, na akarudia mara mbili mahali alipoificha nakala ili asiyesikia asikie. Kessler alikuwa kwenye mtungi wa maji. Verl akamwambia, "Habari yako, Dwight," na Kessler akajibu kwamba ni nzuri. Kisha Verl akatua juu ya paa la jengo la kumi na moja, na watu wa matengenezo wakaleta ngazi.

Jumapili, baada ya ibada, Tawna Birch wa idara ya upakiaji alimvuta Marva pembeni kwenye meza ya viazi vya jibini.

"Alisema iko nyuma ya kioo, kwenye kabati lake la nguo kule kazini," Tawna akanong'ona. "Kila mtu alisikia, Dada Tolman. Sauti ilikuwa safi kabisa."

"Na mkafanya nini?"

"Tulirudi kazini. Mapumziko yetu ni dakika kumi na tano."

Jumatatu wafanyakazi walikuta makabati mapya, ya rangi ya samawati, yasiyo na vioo.

Mkaguzi wa serikali alikuja Julai. Alikuwa mtu mpole. Aliketi sebuleni kwa Marva na kumsikiliza saa nzima, akaeleza kwamba fomu ya shahidi ina nafasi ya anwani, na kwamba shahidi lazima awe na miguu chini wakati anatoa maelezo. Verl hakuwa nayo chini alipoyatoa. Kiwandani mkaguzi aliwauliza watu arobaini. Thelathini na tisa walisema siku hiyo kulikuwa na upepo. Wa arobaini, Janae, ambaye hakuwa kwenye zamu hiyo, alieleza habari za waya. Akaandikwa kama jamaa wa marehemu, na kwa jamaa kuna fomu nyingine. Orrin alileta kadi zake tatu zenye maneno ya Verl. Mkaguzi alizisoma zote, akasema ni nadra sana kuona kadi zilizojazwa vizuri namna hiyo, akamrudishia.

Kiwanda kiliandika barua kwamba kitu kilichoanguka eneoni hakirudishwi. Mtambo uliendelea kufanya kazi zamu tatu. Kengele haikulia.

Mwezi wa nane duka la vifaa vya michezo mjini liliishiwa roketi za kuunganisha. Mwenye duka aliagiza nyingine, zikaisha pia. Walionunua walikuwa watu wa jengo la kumi na nne, kisha wa la kumi na moja na la tisa. Waliziunganisha jikoni kwao baada ya kazi, wakaandika majina yao ubavuni, wakaziweka juu ya friji mahali ambapo familia ingeziona yakiwapata ya Verl. Tawna Birch alinunua mbili, moja ya mumewe. Kessler alinunua ya rangi ya fedha. Klabu ilikaa kikao na kupitisha kwamba roketi za namna hiyo zitarushwa moja moja, siyo kwa mkupuo, ili sauti zisiingiliane, na Orrin akachapisha kadi zenye nafasi kubwa zaidi ya kuandika maneno.

Septemba Janae aliileta ya kwake nyumbani kwa mama yake, kwa sababu mkono wa Marva ulikuwa umeshazoea. Waliketi mezani tangu asubuhi. Marva alimwonyesha jinsi ya kukwaruza bomba kwanza ili gundi ipate pa kushika.

"Acha kazi, mwanangu," alisema, bila kuinua macho.

"Nikiacha wanamweka Kelsie. Ana miezi mitano ya mimba."

"Na Kelsie naye aache."

"Mama."

 Marva alimkata kwa wembe tone la gundi lililomkaukia kwenye kidole, taratibu, kama alivyokuwa akimkata kucha alipokuwa mdogo.

"Mimi nitajitahidi nisipige domo," Janae akasema. "Nitaanza na lililo muhimu, halafu ndiyo nikusalimie. Usikasirike."

"Sitakasirika."

"Na usilie sana, hutanisikia."

Marva alisema atajitahidi na yeye. Akajifanya anatafuta msasa.

Saa saba na nusu mchana Janae alinawa mikono, akavaa viatu vyake vya kazi mlangoni, akaenda zamu. Pezi la tatu lilikuwa halijashika. Marva aliliegemeza kwa vidole viwili, wima, akaketi nalo hivyo mpaka gundi ikakauka.