Kokteli ya Mkamwana

Kila aliyekuja kumpa pole, Mkunga alimjibu neno lilelile: "Mtu hafi kwa simu."

Alilisema bila hasira, kama anayemsahihisha mtoto hesabu, kisha akamkaribisha mgeni chai na kuhamia habari nyingine. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye wodi ya wazazi. Sasa amestaafu, ila jina la kazi lilikuwa limemganda. Hata binti yake, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akiishi naye, mbele ya majirani alimwita Mkunga kama wao.

"Mimi watu nimewapokea kwa mikono hii," alisema. "Sijapata kuambiwa mtoto kazaliwa nikakubali kabla sijamwona. Kuzaliwa huonekana. Na kufa vilevile."

Aliyesemekana kufa alikuwa kitindamimba wake, fundi mitambo wa meli. Miaka mingi nyuma, kampuni yenye meli yao ilifilisika, meli ikatelekezwa kwenye bandari moja ya Meksiko, na mabaharia wakaambiwa kila mtu na lwake. Wenzake walihangaika wakarudi makwao. Yeye akapata kibarua cha kutengeneza injini za boti, akapata chumba, akapata mke. Alipiga simu nyumbani kila alipojaliwa, na kila mara akamwambia mama yake, "Mwakani nakuja." Mwakani ikazaa mwakani. Kisha siku moja simu ikaja na sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kikichechemea, ikasema amelala hakuamka, na kwamba wameshamzika.

Mwalimu alilia mpaka sauti ikamkauka. Mkunga hakutoa chozi, wala hakuruhusu watu wakusanyike. Picha zilizotumwa, za mwanamume mnene mwenye upara na ndevu za kijivu, alizitazama kidogo akarudisha simu. "Huyu ni mume wa mtu. Mwanangu ana nywele." Mabaharia, alisema, huazimana makoti, na vyeti hukaa ndani ya makoti. Aliyekufa ni mwingine, na mwanawe yuko mahali, kwa sababu zake.

Mjane alipotuma ujumbe kwamba anakuja kuwaona, Mwalimu alidhani mama atakataa. "Aje," alisema Mkunga. "Nina maswali."

Alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mikono yake imekomaa kwa kazi. Kwao aliuza samaki. Mwalimu alimkumbatia akamwita wifi. Mlangoni mgeni aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Mama," neno lililoonekana kufanyiwa mazoezi njia nzima.

"Marahaba. Karibu, mgeni," alijibu Mkunga. Hakusema mwanangu, hakusema mkwe, na tangu hapo jina likawa hilo: Mgeni.

Kiswahili alifundishwa na mumewe, na mumewe alimfundisha akiwa kazini, kwa hiyo nusu ya maneno yake yalinuka grisi. Ukimwongezea chakula alishika tumbo na kusema, "Tangi imejaa." Ukimuuliza alilalaje, "Injini ilizimika vizuri." Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Midomo ya Mkunga nayo ilicheza kidogo, kisha akaifunga kama mtu afungaye mkoba.

Maswali yalikuja baada ya kila mlo. Mumeo alikuwa na makovu? Alikuwa nayo, mikono mizima, kwa injini za moto. Nani angejua lipi ni la utotoni? Alikuwa akikoroma? Nani hakoromi? Mgeni alijibu kila swali kwa subira, na kila jibu Mkunga alilipokea kwa kichwa, kama anayepima uzito wa kichanga na kuuona haujatosha.

"Haya. Nyumbani kwako alikuwa akipika nini?"

Uso wa Mgeni ukafunguka. "Kokteli!"

Mkunga akamgeukia bintiye. "Umesikia? Mlevi. Mwanangu hagusi pombe."

"Si pombe, Mama. Kokteli ya kula. Kwetu wote wanakula. Vitu vya bahari, ndani ya glasi, baridi."

"Kinachokaa ndani ya glasi kinanywewa."

"Hiki na kijiko."

"Basi kitengeneze tukione," alisema Mkunga.

Asubuhi Mgeni akaenda sokoni na Mwalimu. Mwalimu akashughulika na mboga, na Mgeni akaingia peke yake upande wa samaki, akanusa, akabonyeza, akatikisa kichwa, na muuza samaki, ambaye hawakusemezana hata maneno matatu, akajua amekutana na mwenzake, akaacha kumtolea wa juzi. Mgeni akarudi nyumbani na mfuko mmoja wa samaki mweupe na mwingine uliofungwa vizuri, akaitia yote miwili kwenye friji.

Mkunga aliweka kigoda chake kwenye mlango wa jiko akaketi, mikono juu ya magoti, kama msimamizi wa mtihani.

Mgeni alichemsha vipande vya samaki kwa maji kidogo, kitunguu na kitunguu saumu, akavitoa mapema kabla havijavurugika, na ile supu akaiacha ipoe. Akakatakata nyanya, tango, kitunguu, giligilani na pilipili mbichi, vidogo vidogo, kisu chake hakisikiki. Kwenye bakuli akamimina tomato sosi, akakamulia machungwa na ndimu nyingi, akatia chumvi, akailegeza kwa supu ya samaki, akaonja, akaongeza ndimu.

"Tomato sosi na machungwa," alisema Mkunga. "Haya makubwa."

"Madogo yana nafuu," alijibu Mgeni papo hapo, na Mwalimu, aliyekuwa akimenya parachichi, aliinua macho. Hayo hayakuwa maneno ya gereji. Hayo yalisemwa nyumba hii, na kijana mmoja mwenye mdomo, kila mama yake aliposhangaa jambo.



Mgeni akachukua glasi ndefu, akaweka samaki, akaweka mboga, akamimina ule mchuzi mwekundu, akamalizia na vipande vya parachichi. Akaifunika kwa kisahani akaiweka kwenye friji, rafu ya juu. Kisha akanawa mikono, akachukua kisu kingine na ubao mwingine, na ndipo akautoa ule mfuko wa pili, akaumwaga kwenye sinia.

Mkunga akasimama. "Hao ni nini?"

"Kamba, Mama. Kamba wa bahari."

"Mumeo alikuwa akitengeneza hao?"

"Kila Jumapili."

Mkunga alivuta pumzi ndefu, kisha akacheka. Mwalimu hakuwa amekisikia kicheko chake tangu siku ya simu. "Mwalimu! Umesikia kwa masikio yako? Kamba! Kila Jumapili!" Machozi yalimlenga kwa furaha. "Mwanangu akila kamba anakufa! Alikula mmoja tu akiwa mdogo, akaumuka kama mkate, koo likaziba, nikambeba mbio mpaka hospitali. Nilisema mimi! Nilisema si yeye, mkaniona mzee amechanganyikiwa!"

Akavuka jiko akamshika Mgeni mikono yote miwili, mibichi vile vile na maji ya kamba. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa.

"Pole, mama," alimwambia, na sasa sauti ilikuwa ya wodini, ile ya kuwaliwaza waliopoteza. "Pole sana kwa kufiwa na mume. Safari yote hii, umekuja kwa watu ambao si wako. Utakaa hapa mpaka uchoke, sisi tutakuwa ndugu zako. Lakini aliyekufa si mwanangu."

Mgeni alimtazama Mwalimu juu ya bega la mama. Mwalimu alikuwa ameelewa kila kitu kwa mara moja: ile glasi kwenye friji, kisu cha pili, ubao wa pili. Akatikisa kichwa polepole. Mwache. Mwache hivyo hivyo.

Mgeni aliitoa mikono yake, taratibu, ndani ya mikono ya yule mzee. Kisha akaenda kwenye friji, akaileta ile glasi akaiweka mezani.

"Mama. Yeye hakula kamba. Hata mara moja. Kamba ni zangu, mimi napenda. Yake ni hii, samaki tu. Anajaza hii kwanza, anafunika, anaweka juu. Halafu anabadilisha kisu. Halafu anavaa glavu, ndiyo anamenya zangu."

"Wifi, basi," alisema Mwalimu.

"Siku moja alisahau glavu. Akajikuna uso. Jicho la kushoto likaanza. La kulia bado zima, la kushoto limefunga. Mimi nalia, yeye anacheka, anasema, usiogope, ni lile lile la utotoni. Anasema, mama yangu alinibeba mbio, kiatu chake kikachomoka njiani, hakugeuka."

Mkunga alitafuta kigoda kwa mkono bila kukitazama, akaketi.

"La kushoto," alisema.

"La kushoto, Mama."

Akanyoosha mkono akapewa glasi. Alikula kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni. Akala cha pili. "Ndimu nyingi," alisema, kama anayetaka kuendelea kulalamika, lakini sauti haikumfuata. Glasi ikamponyoka, Mwalimu akaidaka. Kilio kilichomtoka kilikuwa kikubwa kuliko umbo lake, kikatoka dirishani kikaenda mtaani.

Majirani walikuja bila kuitwa. Wa kwanza alikuwa mshona nguo wa nyumba ya pili, sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. "Mkunga, kuna nini?"

"Nimefiwa," alisema Mkunga. "Kitindamimba wangu amefariki. Na huyu ni mkamwana wangu, amekuja kuniambia."

Hakuna aliyesema tulijua. Hakuna aliyesema mbona zamani. Walimpa pole kama habari imeingia saa ile, mmoja mmoja, wakaketi sebuleni, wengine ukumbini, na vilio vilivyokuwa vimezuiliwa muda wote vikapata njia.

Kwenye jiko, Mwalimu alikuwa akitafuta vikombe kwa hasira. "Ungemwachia, wifi. Ungempunguzia nini? Ameishi na matumaini yake, hayakumla."

Mgeni alikuwa akimenya kamba, kwa kuwa walikuwa wamebaki pale na wangeharibika. Hakuinua kichwa.

"Kule mimi nalia peke yangu," alisema. "Yeye hakuwa na ndugu kule. Majirani walilia siku moja, wamerudi kazini. Nilisema, yuko mama yake, nitakwenda, tutalia wawili. Nimefika, yeye ananiambia pole kama jirani." Akatupa ganda kwenye beseni. "Mimi si mtu mzuri sana, wifi. Nilichoka."

Mwalimu aliweka vikombe chini. Akavuta ubao, akachukua kisu, wakamenya pamoja mpaka wakamaliza.

Watu walipopungua, Mkunga aliwaita wote wawili chumbani kwake. Alikuwa ameketi kitandani, macho yamevimba, nywele wazi. Akapiga shuka kwa kiganja kumwonyesha mkamwana mahali pa kukaa.

"Sasa nieleze alipolala. Barabara, usiniruke kitu."

Maneno yalimpungukia mkamwana, basi alichora kwa kidole juu ya shuka: ukuta wa makaburi ule pale, lango hapa, njia ya changarawe, mstari wa nne. Hapa kaburi la mwalimu mmoja mstaafu wa kule, hapa la mtoto mchanga, katikati yeye. Bahari haionekani, lakini upepo wake unafika.

"Kuna mti?"

"Mmoja. Mdogo. Nilipanda mimi."

"Umeshika?"

"Umeshika, Mama."

Mkunga alipitisha mkono kwenye ile mistari isiyoonekana, polepole, kutoka langoni mpaka alipolala mwanawe. "Na kichwa," aliuliza, "kiko upande gani?"