Ngozi za Kioo Kwenye Bomba la Sinki

Kazi mbaya si mchezo mwema, na kazi ya mwosha vyupa wa kliniki ile ya meno ilianza kuwa mbaya alfajiri. Kabla ya kupiga mswaki wala kunywa chai, wafanyakazi wote walipita mlangoni kwake wakatema mate kwenye kikombe chake. Mate ya nesi yalikuwa mepesi. Ya mlinzi yalivutika kama gundi.

Mate hayo aliyachanganya na chai ya rangi, akayamimina kwenye vyupa viwili vya meno yaliyong'olewa. Meno yote yalikuwa yamezibwa. Kwenye chupa ya kwanza vizibo vilipakwa dawa ya manjano. Kwenye ya pili, dawa inayong'aa kama kioo. Daktari alitaka kujua ipi ingedumu zaidi bila kumdhuru mtu. Kila siku meno yalisuguliwa na mashine ya mswaki, kisha mwosha vyupa akayafuta na kuyapanga chini ya taa ya daktari.

Alipaswa kuyagusa kwa pamba tu, polepole. Lakini utelezi ule ulimchafua roho, akawa anayakwangua kwa kitambaa kigumu mpaka yanalia. Wiki sita alifanya hivyo, hakumwambia mtu.

Dawa ya manjano ilizidi kufifia siku hadi siku. Ile ya kioo iling'aa vilevile, na asubuhi ya mwisho ya wiki ya sita daktari akaichagua. Mgonjwa wa kwanza ambaye angepakwa alikuwa mke wa mwosha vyupa mwenyewe, aliyekuwa tayari kwenye kiti, jino limeshazibwa.

Hapo ndipo sinki likaziba.

"Bwana Mate," nesi aliita, "maji yako yanarudi juu. Yananuka kama kinywa cha fisi."

"Na wewe umo humo, dada. Usijitoe."

Alipiga magoti, akafungua bomba la chini. Donge likamwangukia kiganjani, jeusi, lenye nywele, vuguvugu kama kitu kilichotoka tumboni. Alipotaka kulitupa, kitu kikamchoma kidole. Akalisuuza. Ndani mlijaa vigamba vyembamba, vyeupe pe, vimejikunja kwa umbo la magego, kingo zake kali kama kigae cha chupa.

Vya manjano havikuwemo. Kumbe ile ya manjano ililika taratibu kama sabuni, na ile ya kioo ilibanduka nzima nzima. Yeye ndiye aliyekuwa akiikwangua na kuimwaga, na daktari akawa anasifu mng'aro wa vizibo vitupu.

Akisema, kazi imekwenda. Asiposema, mkewe atatafuna vigamba hivi na chakula. Mficha uchi hazai. Akaingia chumba cha matibabu, vigamba kiganjani, mikono ikichuruzika.

"Daktari, usipake hiyo. Inabanduka. Angalia."

Daktari alirudi nyuma hatua moja. "Hayo ni mate yaliyoganda, mzee. Toa uchafu huo hapa."

"Mate hata yakiganda, yakiwekwa mdomoni huyeyuka."

"Baba watoto," mkewe alisema kwa mdomo uliojaa pamba, "usithubutu."

Alithubutu. Alichagua kigamba kimoja, akakifuta kwenye koti, akakiweka kati ya magego. Ladha ya vinywa vya watu kumi ikamjaa hadi puani. Akauma. Kikapasuka kwa mlio ambao wote waliusikia, na kipande kikamzama kwenye ufizi. Alitema kwenye beseni: damu, na vipande viwili viking'aa juu yake.

Nesi alitoka mbio, kiganja mdomoni.

Daktari aliinama juu ya beseni. "Kwa nini sikuviona kwenye meno?"

"Nilikuwa nayakwangua. Yalinitia kinyaa."

"Wiki sita?"

"Wiki sita."

Daktari alifunika kichupa cha dawa ya kioo, akamwambia mgonjwa jino lake halitapakwa kitu leo.

"Afadhali," mke alisema, akimtazama mumewe kama mtu atazamavyo choo kilichojaa. "Na wewe, nyumbani utakula kwa sahani yako, na kikombe chako. Mpaka nisahau."

Kazi haikwenda. Ilianza upya: meno mapya, kugusa kwa pamba tu, na maji yote machafu yachujwe kwa kitambaa cheupe, vigamba vihesabiwe kimoja kimoja na mwosha vyupa mwenyewe.

Kesho yake alfajiri wa kwanza mlangoni alikuwa daktari. Mwosha vyupa alimshikia kikombe kwa mkono ulionyooka, akageuza uso kuelekea ukutani, akasubiri ile sauti ya kutema.