Kilo za Mama Mkwe

Kuuliza si ujinga, lakini hebu jaribu kumuuliza mama mkwe wako ana kilo ngapi. Fundi pikipiki wetu hakuthubutu, na ndiyo maana saa nne asubuhi alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yake, roho juu, simu mkononi.

Mama mkwe, fundi cherehani, alimletea pikipiki yake jana. Ni mfupi yule mama. Akisimama kwenye foleni, ncha za vidole tu ndizo zinazogusa lami, na pikipiki humyumbisha ipendavyo yenyewe.

"Nishushie kidogo, baba, nami nikanyage chini kama watu wengine."

Fundi akashusha shokapu za nyuma, akashusha na za mbele kwa kipimo kilekile ili usukani usiwe mzito. Hata stendi akaipunguza urefu. Kazi safi, ila kwa jambo moja. Pikipiki iliyoshushwa hupimwa mwenyewe akiwa ameikalia, na mzigo wake juu, ndipo springi za shokapu zikazwe kufuata uzito huo. Fundi akaona haya kumwambia mama wa mkewe apande apimwe. Akapanda yeye, mwembamba kama uzi, akazunguka mtaa mara mbili na kuridhika.

"Mama keshaondoka?" mkewe aliuliza alipomletea chai.

"Nusu saa sasa."

"Basi kaondoka na majora yake ya vitambaa vya sare. Manne, nimemsaidia kuyafunga mwenyewe."

Fundi akaiacha chai. Kwa uzito wote ule, pikipiki ingedidimia zaidi, na kwenye ile kona ya kushoto ya njia yake, chini ya mteremko, akiilaza tu, stendi ingegonga lami na kuinyanyua tairi ya nyuma. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile.

Alirukia pikipiki ya mteja bila hata kuomba ruhusa. Njia nzima alikuwa akijitukana kwa sauti. Alipofika konani aliona mkwaruzo mpya juu ya lami, mweupe, mrefu kama mkono wa mtu.

Hatua chache mbele, mama mkwe alikuwa ameketi juu ya majora yake kando ya barabara. Alikuwa mzima, pikipiki yake imelala kando yake.

"Shikamoo, mama," Fundi alisema, akishuka.

"Marahaba. Nimekata kona, kitu kikakwaruza chini, ikanitupa mpaka upande wa pili. Lori limenipita hapa." Akagusa kiwiko chake. "Nimekaa hapa najiambia, labda uzee huu, sijui tena kuendesha."

Maneno hayo yalimchoma Fundi kuliko tusi. Akachuchumaa mbele yake, macho kwenye tairi.

"Si wewe, mama. Kosa ni langu. Springi nilizikaza kwa uzito wangu mimi, nikaona haya kukuuliza wako." Akainua macho. "Una kilo ngapi?"

Mama mkwe akajipangusa vumbi kiwikoni.

"Themanini na sita," alisema. "Ungeniuliza jana, baba, tungecheka, yakaisha."