Kengele ya Saa Nne na Dakika Tano

Jumatatu asubuhi mtathmini alitandaza karatasi nyeupe juu ya meza yake, akawasha taa ya kusomea, kisha akafungua kifaa cha kusikia kwa bisibisi ndogo kuliko zote alizokuwa nazo. Kushoto kwake kulikuwa na kifaa kingine, cha bei ghali kutoka ng'ambo, ambacho alikuwa amekifungua kwanza ili apate cha kulinganisha. Hicho kilikuwa na kinasa sauti, kikuza sauti, betri, na spika ndogo kama punje ya mtama. Hiki cha bei nafuu kilikuwa na ganda la plastiki, skrubu moja na pamba kidogo.

Aliandika: "Ndani hamna kitu." Kisha akakifunga, akakivaa, akamsikia karani wa ghorofa ya chini akimeza chai.

Kazini walimwita Bisibisi. Mfuko uliomwajiri uliwekeza katika kampuni changa, na kila kampuni ilipoleta maombi, wenzake walisoma mpango wa biashara, yeye akafungua bidhaa na kuhesabu vipande. Katika miaka kumi na mmoja alikuwa amefungua pampu za maji, majiko, mita za umeme na mashine ya kutotolea vifaranga. Hakuwahi kukuta kitu kinachofanya kazi bila kuwa na chochote ndani. Alipiga mstari chini ya sentensi yake, jambo alilolifanya mara chache.

Sampuli zilikuwa mbili. Ya pili, namba 214, alimpa mama yake.

Mama alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minane, na mashine za kiwandani zilikuwa zimemla masikio. Kwa miaka tisa nyumba yao iliendeshwa kwa ishara. Kugonga sakafu kwa kisigino mara mbili kulimaanisha chakula tayari. Kuzima taa na kuiwasha, mgeni mlangoni. Kushika ncha ya sikio, nitakueleza baadaye. Na mara nyingi hiyo baadaye haikufika. Mtathmini aliutaja mgongano huo wa maslahi kwenye kisanduku cha fomu kilichotengwa kwa ajili hiyo.

Mama alikivaa, akageuza kichwa kuelekea jikoni.

"Hilo friji lina kelele namna hiyo?"

"Miaka yote, Mama."

"Na wewe sauti imekuwa ya baba yako."

"Mama!"

"Nisiseme? Hebu ongea tena."

Akamsomea fomu ya tathmini, kurasa kumi na mbili, pamoja na maelekezo ya namna ya kuijaza. Mama alisikiliza mpaka tarehe ya mwisho ya kuwasilisha.

Siku ya pili alipotoka kazini alimkuta mama na lalamiko moja. "Kifaa kizuri, mwanangu. Ila kuna mtu anapiga chuma. Saa nne na dakika tano, mara kumi na mbili, halafu basi."

Mtaa wao haukuwa na karakana. Mtathmini alichukua orodha ya wateja wa kampuni, akawapigia simu kumi na wanne. Kumi na mmoja walipokea. Wote waliridhika na kifaa, na wote, alipowauliza, walikitaja chuma. Mmoja alidhani ni moyo wake na alikuwa amekwishakwenda kupimwa.

Alhamisi alikwenda kwenye karakana ya kampuni. Mwanzilishi wake, aliyejulikana kwa wote kama Injinia, alikuwa kijana wa raba nyeupe na maneno mepesi.

"Karibu sana, dada. Uliza lolote, sisi hatuna siri."

"Ndani ya kifaa hamna kitu."

"Ndiyo maana ni rahisi."

Mtathmini alikunjua grafu ya uzalishaji. "Mwezi wa nne, wa nane na wa kumi na mbili hamkutoa hata kimoja. Kwa nini?"

"Wafanyakazi walipumzika."

"Daftari la mahudhurio linasema walikuja."

Injinia alitazama raba zake. "Walikuja. Maganda ndiyo hayakuiva."

Akampeleka nyuma. Ukuta mzima ulikuwa na rafu, na juu ya rafu maganda yalipangwa yakiwa yameelekeza midomo ukutani. Kila ganda lilikaa hapo siku kumi na nne. Hapakuwa na waya wala mashine. Mtathmini aliweka kiganja ukutani, akahisi uvuguvugu. Upande wa pili sauti za watoto zilikuwa zikisema kwa pamoja kwamba sita mara saba ni arobaini na mbili. Saa nne na dakika tano, mtu aligonga chuma mara kumi na mbili.

"Shule?" aliuliza.

"Ya msingi. Kodi huku ni nafuu. Na majirani hawana neno kabisa, dada. Tumewapa hata bendera."

Bendera ilikuwa nyekundu, yenye nembo ya kampuni, kwenye mlingoti mpya mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kando yake ilining'inia rimu ya lori na bolti ya kuigongea. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni wa bendera?"

"Hapana. Nakagua tu. Inatumika vipi?"

"Nagonga rimu kwa wanaosikia. Halafu napandisha bendera kwa wengine."

"Wengine ni wangapi?"

"Mia mbili na kumi na wanne. Huwa nawahesabu kila asubuhi."

Mtathmini aliangalia daftari lake, ingawa namba aliikumbuka. "Wazazi wanasemaje?"

"Wanasema watoto wa siku hizi hawasikii. Nina miaka thelathini na mitatu kazini, sijakutana na mzazi anayesema lingine."

"Na wa mwisho ni nani? Huyo wa mia mbili na kumi na wanne."

Mwalimu mkuu alimwonyesha. Alikuwa msichana wa darasa la tatu, miaka minane, mstari wa pili, karibu na dirisha. Alikuwa ameacha kusikia tangu Jumanne.

Jioni ile mtathmini alimpa mama maelekezo. Kesho, saa nne na dakika nne, akivue kifaa. Saa nne na dakika kumi akivae. Mama hakuuliza sababu. Alikwishazoea kutumwa na bintiye kusoma mita.

Ijumaa mtathmini alikaa nyuma ya darasa la tatu, magoti yakigusa dawati. Msichana wa dirishani alikuwa akichora nyumba yenye milango mingi. Bolti ilipogonga rimu, bendera ikiwa bado chini, msichana aliweka penseli, akageuka kuitazama rimu, akaziba masikio. Kisha akayafungua kidogo kidogo, moja baada ya jingine. Saa nne na dakika kumi aliirudia nyumba yake, na mwalimu alipomwita kwa jina hakuinua uso.

Jumatatu mtathmini alirudia jaribio. Matokeo hayakubadilika.

Alifikiria kutomwambia mama. Aliona kwamba huko kungekuwa kuficha takwimu, kwa hiyo akamwambia jikoni, wakimenya viazi.

Mama aliendelea kumenya. "Mtoto wa nani?"

"Wa watu."

"Miaka mingapi?"

"Minane."

Friji liliunguruma, likanyamaza. Mama alisubiri mpaka lilipounguruma tena.

"Nisomee ile fomu yako."

"Yote?"

"Ukurasa wa kwanza unatosha."

Alisoma ukurasa wa kwanza. Alipofika chini hakusimama, akaingia wa pili, na mama hakumkatiza. Mwisho wa ukurasa wa pili mama alivua kifaa, akakifunga kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye mshono wa asubuhi, akamkabidhi. Kisha akaanza kiazi kingine.

Jumanne baada ya chakula cha mchana mtathmini alikirudisha.

"Una uhakika, dada?" Injinia alimuuliza. "Foleni ni ndefu."

"Nina uhakika."

Injinia alimwandikia stakabadhi. Jumatano, kabla ya saa tatu asubuhi, namba 214 ilikuwa imekwishafutwa vumbi na kupewa mtu wa kwanza kwenye foleni, mzee mstaafu aliyetaka kuwasikia wajukuu zake.

Kamati ilikaa Ijumaa. Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Tokeo la sita lilisema kwamba kila kifaa hupata uwezo wake wa kusikia kutoka kwa mtoto mmoja wa shule jirani, na kwamba uwezo huo humrudia mtoto kifaa kikivuliwa. Viambatisho vilikuwa na tarehe, saa, na majina ya mashahidi. Mwenyekiti alimsifu kwa uwazi wa lugha.

"Mimi shida yangu ni likizo," alisema mjumbe mmoja. "Miezi mitatu bila bidhaa si mchezo."

"Kuna shule zenye masomo ya ziada likizo nzima," alisema mwingine. "Tuwashauri wahamie huko."

"Wenyewe wanatarajia kuuza vifaa elfu arobaini," mtathmini alisema. "Shule ile ina watoto mia sita."

"Ndiyo," Mwenyekiti alisema. "Umeandika vizuri sana, ukurasa wa kumi na moja. Watahitaji kuta zaidi."

Walipiga kura. Watano walikubali, mmoja alikataa. Katibu aliandika kwamba aliyekataa ni mtathmini, na kwamba ripoti imepokelewa yote bila masahihisho.

Alipotoka alipitia shuleni kumpa mwalimu mkuu nakala, kama taratibu zilivyotaka. Mwalimu aliipokea, akaiweka chini ya bolti isipeperuke.

"Yule wa dirishani anaendeleaje?"

"Afadhali sasa," mwalimu alisema. "Jumanne alitusumbua siku nzima. Nini hicho, nini hicho. Ndege, bomba, viatu vya wenzake. Mpaka akataka kujua mvua inasemaje kwenye bati. Jumatano ndiyo akatulia."

Nyumbani, mama aligonga sakafu kwa kisigino mara mbili. Walikula wakitazamana. Alipomaliza, mama alisukuma sahani kando, akauliza kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe:

"Yule mtoto, sasa anasikia?"

Mtathmini alishika ncha ya sikio lake. Mama akatikisa kichwa kukubali, akaenda kwenye cherehani.